Chakula cha Viti vya Mbele

Tangu aanze kupika katika jiko la Milimani, Najwa hakuwahi kuonja chakula chake mwenyewe akakitambua.

Mwanzoni alidhani ni uchovu. Kazi yenyewe ilikuwa imemjia kwa ghafla. Kampuni moja ya ndege za humu nchini ilitaka kubadilisha chakula cha abiria wa viti vya mbele, wale wanaokaa kwa nafasi na kupewa sahani ya moto wakati wenzao wa nyuma wanatafuna karanga na kunywa maji. Aliyekuwa na dhamana ya chakula hicho aliitwa Nasrudin. Alikuwa amekula pilau ya Najwa kwenye harusi moja mtaani Bondeni, Nakuru, akatafuta namba yake, akampigia kesho yake. Alikuwa na jiko kubwa nyuma ya nyumba yake ya Milimani, akamwambia, halitumiki, angeweza kufanyia majaribio hapo. Najwa, ambaye maisha yake yote alikuwa akipikia harusi na hitima kwenye ua wa mamake, alikubali kabla hajamaliza kuelezwa.

Jiko halikutumika kwa sababu mwenyewe hakuwepo tena. Yurub, mke wa Nasrudin, Msomali, alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Watu wa Nakuru walimkumbuka kwa upole wake na kwa mkono wake wa upishi. Najwa hakuwahi kumwona hata siku moja.

Ile siku ya kwanza Nasrudin alisimama mlangoni, mrefu, mpole, akazungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliye msikitini. Alimwambia asifikirie hoteli. Abiria wa viti vya mbele hupanda akitarajia karamu, lakini Nairobi hadi Eldoret ni safari ya kukaa na kuinuka. Ndege ikishatulia angani mhudumu ana muda mdogo sana wa kupasha chakula, kupakua, kungoja mtu ale na kuondoa vyombo kabla rubani hajaanza kushuka. Kwa hiyo kila kitu huwa kidogo na kizuri: sahani halisi badala ya plastiki, uma wa chuma, kitambaa cha pamba, mkate wenye joto, nyama inayokatika kwa uma, matunda, na kitamu cha kumalizia. Samaki hapana, harufu yake ingejaa ndege nzima. Mchuzi mwepesi hapana, ungemwagikia suti ya mtu. Tena huko juu ulimi hufa ganzi. Kilichokolea hapa chini huko huwa kama maji.

Najwa akamuuliza, ikiwa ni hivyo, mtu huwa anafurahia nini.

Nasrudin akafikiri kidogo. "Anafurahia kile kinachomkumbusha kwao," akasema, na akamtazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Hapo ndipo moyo wa Najwa ulipoanza kumponyoka. Kila alasiri Nasrudin alikuja kuonja. Aliketi kwenye stuli ya mbao karibu na dirisha linalotazama volkeno ya Menengai, akala polepole, macho yamefumba nusu. Najwa alijifanya anafuta meza. Siku akichelewa, alijikuta akisikiliza geti kuliko anavyosikiliza sufuria. Siku moja alimpokea sahani mkononi na vidole vyao vikagusana, na wote wawili wakasahau kuachia. Najwa alikuwa na miaka thelathini na moja, mamake alikuwa ameshachoka kumwombea mume, na sasa huyu hapa, mtu wa haya, mwenye kazi yake, anayemaliza chakula na kusema asante kama amepewa uhai.

Halafu ikaja siku ya kuku.

Alikuwa amepika mchuzi mzito wa kuku aliyechambuliwa, wa kuwekwa juu ya wali mdogo wenye zabibu. Nasrudin aliweka kijiko kinywani. Uso wake ulipoteza rangi.

"Umeweka nini humu?"

Najwa akamtajia: kitunguu, tangawizi, nyanya iliyokaushwa kwenye mafuta, bizari, hiliki.

"Na ndimu kavu," Nasrudin akasema.

"Sina ndimu kavu. Hata sizitumii."

Hakubishana naye. Alimaliza sahani, akaomba nyingine, akaimaliza pia, akaondoka bila kuaga vizuri. Najwa alipobaki peke yake alichota mchuzi uliosalia akaonja. Ilikuwapo. Chini ya utamu wa kitunguu kulikuwa na uchachu mzito wenye harufu ya moshi, kitu ambacho hakijawahi kutoka mkononi mwake. Akapanda kwenye stuli akafungua kabati la juu ambalo hakuwahi kuwa na haja nalo. Nyuma kabisa, kati ya chupa zilizojaa vumbi, palikuwa na mtungi wa kioo uliojaa ndimu nyeusi zilizokauka. Mtungi huo haukuwa na vumbi. Najwa alinusa vidole vyake: uchachu ule ule wa moshi. Akashuka, akaketi sakafuni.

Wangechi, mwenzake wa jikoni, mwanamke wa kutoka Bahati, nje ya mji, aliyekuwa akileta mboga na maziwa kutoka shambani kwao kisha anabaki kusaidia, ndiye aliyemwambia lile jambo la pili. Alilisema asubuhi, mgongo ukiwa umegeuka, akimenya viazi. Nje ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Menengai mpaka kwenye kioo cha dirisha.

"Najwa, wewe unatumia mkono gani?"

"Wa kulia. Kwa nini?"

"Jana ulikuwa unakoroga na wa kushoto. Siku mingi sasa. Na nikikuita hugeuki mpaka nikushike." Kisu kikasimama. "Mimi sisemi kitu. Lakini nimeambia mchungaji wetu aniombee, na wewe nimetaja jina lako pia."

Kuanzia siku hiyo Wangechi alipika akiimba nyimbo za kanisani, na Najwa alimwacha aimbe. Alipomuuliza Nasrudin, kama mtu anayepiga soga tu, marehemu alikuwa akitumia mkono gani, Nasrudin alijibu bila kufikiri kwamba ni wa kushoto, na kwamba mamake mzazi alimpiga sana utotoni ili aache, lakini hakuacha. Kisha akamuuliza kwa nini anataka kujua. Najwa akasema basi tu.

Nyumbani, Bi Khadijo, mamake, hakuhitaji kuelezwa mambo ya mikono. Alikuwa mjane aliyelea binti peke yake tangu mumewe Muhidin afariki, na alimjua bintiye hata kwa hatua zake. Alimwambia kwamba amekonda, kwamba siku hizi anatia udi nguoni wakati hakuwahi kuupenda, na kwamba juzi amemsikia akiimba kwa Kisomali jikoni. Najwa hajui Kisomali.

"Huyo bwana sina ubaya naye," Bi Khadijo alisema. "Ni Muislamu, ana adabu. Lakini mtu ambaye hajamzika mkewe haposi. Akiposa, anatafuta mahali pa kumuweka."

"Mama, Yurub alizikwa. Mji mzima ulikwenda."

"Alizikwa na mji. Mumewe je?"

Najwa alikasirika, akalala bila kula. Ndani ya hasira ile alijua kwamba kesho yake atarudi Milimani, kwa sababu geti litalia alasiri, na mtu ataketi kwenye stuli, na hakuna mwanamume mwingine aliyewahi kumfanya ajione ni wa lazima namna ile.

Siku ya kwanza ya chakula kipya kupanda ndege, Nasrudin alimwalika. Alimpeleka Nairobi kwa gari, wakapanda ndege ya mchana ya kwenda Eldoret, wakaketi viti vya mbele kabisa, Najwa dirishani. Najwa alikuwa amevaa buibui jipya na mtandio wa rangi ya zabarajadi. Hakuwahi kupanda ndege. Ilipoiacha ardhi aliushika mkono wa Nasrudin bila kukusudia, naye akaufunika kwa mkono wake mwingine na kuuacha hapo.

Mhudumu wa mbele alikuwa dada mmoja wa makamo, Chepchumba, mchangamfu, mwenye kucheka kwa macho. Pazia likafungwa. Trei zikaja, kila kitu kilivyopangwa: kitambaa kimekunjwa, mkate unatoa mvuke, papai na tunda la pasheni la Bahati katika bakuli dogo, kaimati moja yenye sukari kiasi, na katikati kuku wake na wali. Najwa alitaka kufurahi. Aliwatazama abiria wakianza kula, wanaume wa suti, mama mmoja mzee mwenye lulu shingoni, na akaona jambo ambalo hakulitarajia. Mmoja baada ya mwingine waliacha kuongea. Simu zikawekwa chini. Mama mzee yule alishika uma wake hewani, akageuka kutazama kiti kilicho tupu kando yake kama mtu aliyeguswa begani. Ilibaki ngurumo ya injini tu, na uma zikigonga sahani polepole, kama watu walioambiwa wale kwa ajili ya mtu fulani.

Najwa akaonja. Juu huko ulimi ulikuwa umekufa ganzi kweli, wali haukuwa na ladha, mkate haukuwa na ladha. Ladha moja tu ilikuwa hai, ule uchachu wa moshi, na ulikuwa mkali kuliko ulivyowahi kuwa.

Aliinuka akisingizia choo. Nyuma ya pazia alimkuta Chepchumba amesimama na kijiko, anajifuta machozi kwa kiganja.

"Pole dada, usinione hivi," Chepchumba akasema. "Madam Yurub alikuwa akitupikia hii kila Ramadhani, sisi wote, hata sisi wa kanisa. Boss amehangaika sana kukupata."

"Kunipata vipi?"

"Si wale wengine watatu walishindwa? Aliwaweka kwenye lile jiko lake, kila mmoja miezi kadhaa. Akawaleta hapa hapa, kiti hicho chako. Akionja, anaweka uma chini. Basi, hatuwaoni tena." Alimtazama Najwa, na tabasamu likamtoka. "Nilidhani unajua."

Najwa alirudi kwenye kiti chake kwa kushika migongo ya viti. Nje, mbali chini, Ziwa Nakuru lilikuwa limelala kama bati lililochakaa, na mji ukiwa umekumbatia ukingo wake, na juu yake ule mdomo mpana wa Menengai umefunguka. Nasrudin alikuwa amemaliza sahani yake. Macho yake yalikuwa yamelowa na uso wake ulikuwa na furaha ambayo mwanamke yeyote angetamani kuwa sababu yake.

"Nataka kuja kwenu," akasema. "Nataka kuzungumza na mamako, nifuate njia ya heshima. Nimengoja mpaka leo kwa sababu nilitaka kuwa na hakika."

Hayo ndiyo maneno aliyoyangoja miezi yote ile. Alikuwa ameshayasikia kichwani mara nyingi, akiwa anaosha vyombo, akiwa kitandani. Sasa yalipotoka, aliyasikia kama yanaambiwa mtu aliyekaa nyuma yake.

"Unamposa nani, Nasru?"

"Nakuposa wewe."

"Mimi sijapika chakula hiki."

Nasrudin akayashusha macho yake kwenye sahani tupu.

"Ulikuwa unajua," Najwa akasema, kwa sauti ndogo ili wengine wasisikie. "Hukushtuka ile siku kwa sababu ya ndimu. Ulishtuka kwa sababu hatimaye imekubali. Ulinitia kwenye jiko lile kama mtu anavyotega kitu, ukawa unakuja kila alasiri kuangalia kama kimenaswa."

Chepchumba alikuja kuondoa trei, akafanya haraka. Ndege ilianza kushuka.

Eldoret gari la kampuni lilikuwa linangoja, Nasrudin akaendesha mwenyewe. Najwa alikaa kiti cha nyuma kama abiria wa kukodi. Walipofika Salgaa, njiani kurudi Nakuru, kwenye ule msururu wa malori na vibanda vya nyama, Nasrudin aliegesha gari na kusema kwamba hawezi kuendelea kuendesha. Waliingia hoteli ya mabati. Mama wa hoteli aliwaletea chai na chapati bila kuwauliza wao ni nani kwa wao.

Hapo ndipo Nasrudin alipomwambia. Yurub alianguka jikoni asubuhi, akiwa mzima, akiwa anapika kuku huyo huyo. Yeye alikuwa bafuni. Alipotoka moto ulikuwa bado unawaka chini ya sufuria na mkewe yuko sakafuni. Alizima moto kwanza. Ni jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote, kwamba alizima moto kwanza ndipo akapiga magoti.

"Baada ya mazishi watu walipokwenda zao, niliitia ile sufuria kwenye friza," akasema. "Nikawa nakula kidogo kidogo. Kijiko kimoja, naacha siku, kijiko kingine. Siku kilipoisha ndipo nilipolia. Sikulia kaburini, Najwa. Niliona kama nikipata tu mtu wa kukirudisha, basi bado hajaenda."

Najwa aliikamata bilauri ya chai kwa mikono yote miwili. Alitaka kumchukia na alishindwa. Alichokihisi kilikuwa kibaya zaidi, alikuwa anampenda, na alikuwa anamwogopa, na nyuma ya vyote viwili kulikuwa na huruma kwa yule mwanamke aliyekuwa akiitwa na kuitwa, asiachwe akapumzika.

"Na mimi?" akauliza. "Nikiwa si yeye, mimi ni nani kwako?"

"Sijui," Nasrudin akasema, na ulikuwa ukweli. "Najua nikikosa kukuona siku moja napata homa. Sijui kama ni wewe au ni chakula. Nimekuwa nikiogopa kujua."

"Basi mimi sitapika tena Milimani. Kampuni yako itafute mtu. Ukitaka kujua, njoo kwa Mama, mchana, kama watu. Utakula kitakachopikwa. Kikiwa kibaya, useme ni kibaya."

Wiki ile Najwa aliilala kama mgonjwa. Bi Khadijo alimsomea Kurani, akamkanda kwa maji ya mwarobaini, hakumuuliza chochote. Wimbo wa Kisomali haukusikika tena, lakini mara mbili Najwa aliamka alfajiri akiwa amesimama tayari, viatu mguuni, uso umeelekea upande wa Milimani. Wangechi alipiga simu kusema yeye hatarudi kule hata kwa gunia la viazi. Alikuwa amepita kuchukua vyombo vyake akasikia mtu ndani anakwangua sufuria, akaviacha.

Jumapili adhuhuri geti la Bondeni liligongwa. Nasrudin alikuwa amekonda. Alimwamkia Bi Khadijo kwa adabu zote, akaketi alipoonyeshwa, na kabla ya kuulizwa akasema kwamba amelifunga lile jiko. Vyombo amevitoa sadaka, mitungi ameimwaga. Jana alikwenda makaburini, akakaa na mkewe mpaka jua lilipokuwa kali.

"Sufuria ya mwisho niliikuta mekoni," akasema. "Ilikuwa na joto."

Najwa, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la pilau, alihisi nywele zikimsimama chini ya mtandio. "Ukafanya nini?"

"Nilikaa nayo mpaka ikapoa. Nikamwambia aende, mimi nimeshiba." Akatazama kiganja chake. "Ikapoa."

Uani jogoo wa jirani aliwika, jua likiwa utosini. Najwa akaweka sinia chini, akampakulia. Alikuwa ameipika pilau ile kwa wasiwasi mtupu, mara mbili ameusahau moto, na hakuwa na ujasiri wa kuionja. Nasrudin akasema bismillahi, akala tonge la kwanza. Akatafuna. Najwa alimwangalia taya, alimwangalia koo, akangoja uso ule ufifie kama wa mtu aliyenyimwa, aweke mkono chini, aombe radhi, aondoke.

Nasrudin alimeza. Akainua macho.

"Chumvi imezidi," akasema. "Na nyama bado ngumu, Najwa."

Najwa alifunika mdomo kwa mtandio. Hakujua kama ni kicheko au kilio kinachomjia, vyote vilikuwa vinapita njia moja. Nasrudin naye alikuwa akitabasamu, kwa aibu, wali umemnata kidevuni, na tayari mkono wake ulikuwa umerudi kwenye sahani.

Bi Khadijo aliwatazama wote wawili, akavuta jagi la maji akalisogeza karibu na mgeni.

"Mpakulie tena," akamwambia bintiye.